Riwaya ya safari ya mtoto katika ulimwengu wa ajabu: nimfanyeje bibi mchawi?

Mwandishi, Tabora Mjini

Waandishi na wasomaji wenzangu, ninaomba mawazo yenu kuhusu muswada wa riwaya ya watoto ninaouandika, kwa kuwa nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea kabla ya kuamua jambo moja zito.

Riwaya inamhusu Nyamizi, msichana wa miaka 11 anayeishi na bibi yake katika kijiji kilicho pembezoni mwa msitu wa miyombo, upande wa Urambo. Babu yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mrina asali hodari, na mizinga yake ya magome ingali imetundikwa mitini. Msimu mmoja nyuki wanahama wote kwa usiku mmoja. Hawakuchomwa moto wala hawakufa. Wamehama tu, na baada ya hapo miti nayo inagoma kutoa maua. Nyamizi anaamua kuwafuata. Anapanda treni hadi Kigoma, kisha anashuka chini ya Ziwa Tanganyika, ambako kuna nchi nyingine yenye anga lake, milima yake na wenyeji wake, na huko ndiko nyuki walikokwenda. Sehemu kubwa ya kitabu ni safari ya ndani ya nchi hiyo.

Kinachonisumbua ni adui wa mtoto huyu. Katika rasimu ya kwanza, aliyewachukua nyuki ni bibi kizee mchawi anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, mwenye macho mekundu, asiyezoeana na watu, ambaye usiku hujigeuza fisi na kuingia nchi ya chini kwa mlango anaoujua yeye peke yake. Kwa upande wa kisa, mambo yanakwenda vizuri: mtoto anamwogopa tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji anataka kujua amefanya nini. Lakini mwalimu mwenzangu aliyesoma sura za mwanzo aliniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka: watoto wa Urambo, Nzega na Kaliua wakishamaliza kukisoma kitabu hiki, watamtazama vipi bibi jirani yao mwenye macho mekundu?

Sisi tunaoishi kanda hii tunajua swali hilo linatoka wapi. Wazee wetu wanawake wameuawa kwa mapanga, Tabora na katika mikoa jirani, kwa sababu tu mpiga ramli aliwataja, na macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka mingi yakahesabiwa kuwa ushahidi. Mwandishi wa Ulaya ya leo anaweza kumweka ajuza mchawi katika kitabu cha watoto na akalala usingizi, kwa kuwa kwao mtu huyo ameshahamia vitabuni. Kwetu, kumwita mtu mchawi bado ni kumtakia kifo.

Je, nimwondoe kabisa? Na nikimwondoa, adui wa Nyamizi awe nani? Ninauliza pia kuhusu nguvu za ajabu zenyewe, kwa sababu riwaya ya aina hii haiwezi kusimama bila hizo: zifuate kanuni gani ili zisifanane na uganga wa kuuziana na kununuliana ambao watoto wanausikia mitaani kila siku? Wenzangu wa Kigoma nao ninawaomba wanisaidie kuhusu njia ya kuingilia ziwani, maana mimi ziwa hilo ninalijua kama abiria tu.

Mwalimu mstaafu wa fasihi, Tabora

Ndugu mwandishi, ninafurahi kwamba umeliuliza jambo hili kabla kitabu hakijafika kwa mchapaji.

Nianze na bibi kizee. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, kwa Wanyamwezi na kwa jamii nyingine nyingi za Kibantu, ajuza anayekaa peke yake kando ya njia mara nyingi si adui. Ni mtihani. Msichana ametumwa kutafuta kilichopotea, njiani anamkuta kikongwe mwenye vidonda, au mwenye matongo machoni, naye anamwomba amwoshe, au amkatie kuni. Msichana mwema anamwosha bila kukunja uso, na akimaliza anapewa yai, au kibuyu, au maneno ya kusema mbele ya mlango uliofungwa. Msichana mwenye majivuno anayemfuata nyuma anamcheka kikongwe yule, na kile anachopewa kinamgeuka. Mtaalamu wa Urusi, Vladimir Propp, alipozichambua ngano za kwao katika kazi aliyoitoa mwaka 1928, aliukuta mpangilio huohuo: kabla shujaa hajapata chombo cha ajabu, hukutana na mtoaji, na mtoaji humpima kwanza. Kwa hiyo bibi wako usimwondoe. Mwache na macho yake mekundu, mwache hukohuko mwisho wa kijiji, na mwache msomaji amwogope kama Nyamizi anavyomwogopa.

Kisha mpeleke mtoto mlangoni kwake. Amkute amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza kuni mbichi, nyumba haina dirisha, moshi umetanda mpaka hauoni ukuta wa pili. Bibi amkaribishe, na Nyamizi akae humo muda wa maji kuchemka na ugali kuiva. Atakapotoka nje akajitazama katika ndoo ya maji, macho yake mwenyewe yatakuwa mekundu. Ukishaandika hivyo usiongeze neno. Mtoto anayesoma atakuwa amejionea.

Ningependekeza uende mbele zaidi. Nyuki wakihama, kijiji kitatafuta mtu wa kulaumiwa kabla ya kutafuta sababu. Ataitwa mpiga ramli, na ramli chonganishi haijawahi kukosa jina la kutaja. Basi imtaje huyo bibi. Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, na kijijini kwako mtu wa namna hiyo anaweza kuja usiku, kwa siri, jambo ambalo litazidisha hofu ya kisa. Nyamizi asikie kwa masikio yake kwamba bibi yule amepewa siku kadhaa tu. Hapo utakuwa umepata sababu ya kumtoa mtoto wa miaka 11 nyumbani kwao na kumpeleka chini ya maji. Hamu ya asali peke yake, kwa maoni yangu, haitoshi.

Kuhusu kanuni ya nguvu za ajabu, huna haja ya kuitafuta mbali, kwa sababu imo katika msitu wako. Warina asali wote wanamjua mlembe, ndege mdogo anayemlilia mtu njiani, akaruka mti hadi mti mpaka amfikishe palipo na nyuki wa mwituni. Mlembe anakula nta, lakini hana uwezo wa kupasua shina la mti. Binadamu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Wazee wanasema kwamba ukichukua asali yote bila kumwachia ndege fungu lake la sega, safari nyingine atakuongoza hadi kwa chatu, au kwa simba. Hiyo ni sheria iliyokamilika ya ulimwengu wa ajabu: kila msaada una fungu lake, fungu hilo hulipwa na aliyesaidiwa kwa kitu kilicho chake mwenyewe, na asiyelipa hupotezwa njia. Sasa iweke sheria hiyo kando ya uganga wa utajiri, ambamo mmoja anapata na mwingine ndiye anayelipa, kwa ng'ombe wake, au kwa kiungo chake, au kwa uhai wake. Nchi yako ya chini ikiendeshwa kwa sheria ya mlembe, hakuna msomaji atakayeichanganya na biashara ile.

Na hapo adui wako anajitokeza mwenyewe. Hana haja ya kuwa na sura ya kutisha. Ni yule anayemwambia mtoto, kwa sauti ya upole, kwamba anaweza kuwapata nyuki wote leo hii, bila jasho na bila kulipa chochote, mradi ataje jina la mtu mmoja tu wa kijijini kwao.

Mama wa watoto watatu, Kaliua

Shikamoo Mwalimu. Ninakubaliana nawe, na ninaomba kuongeza jambo ambalo mwandishi hakuligusa: hao wenyeji wa nchi ya chini ya ziwa wana sura gani?

Ninauliza kwa sababu mwanangu wa pili ana ualbino, na nimeona jinsi waandishi wanavyobuni viumbe wa ulimwengu mwingine. Wanawafanya weupe, wanaong'aa, wanaoogopa jua, wasiokufa bali wanaotoweka. Tafadhali, usifanye hivyo. Uongo huohuo, kwamba watu wenye ualbino hawafi ila hupotea, ndio uliowafanya watu waone kwamba hawa si binadamu, na kwamba viungo vyao ni dawa ya utajiri. Pale Kabanga, wilayani Kasulu, kuna watoto waliopelekwa shuleni ili walindwe, wakakua mbali na mama zao kwa sababu ya uongo huo.

Kama una nafasi katika safari ya Nyamizi, mpe rafiki mwenye ualbino, na umwandike kama mtoto. Ana kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu. Anapaka losheni ya kuzuia jua kabla ya kutoka, na anakasirika akiisahau. Darasani anakaa dawati la mbele kwa sababu ubao hauoni vizuri, na ramani anaisoma akiwa ameisogeza karibu na pua, lakini anaisoma vizuri kuliko Nyamizi. Asiwe na nguvu yoyote ya ajabu. Wakati wa hatari aogope kama mwenzake, na wakati wa njaa agombanie kipande cha muhogo. Mwanangu anapenda sana kusoma, na bado ninatafuta kitabu cha kumpa ambamo mtoto kama yeye anasafiri na kurudi nyumbani salama.

Mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Kasulu

Ninawaheshimu wote waliotangulia, na kwa heshima hiyohiyo ninaomba kutofautiana nao kidogo. Hofu yangu ni kwamba tutamtwisha mwandishi mizigo mingi kiasi kwamba riwaya itageuka kuwa kipeperushi cha semina. Mtoto akihisi kwamba anafundishwa, anafunga kitabu.

Sisi tuliokua tukisikiliza hadithi za mazimwi tulijua vizuri zimwi linakaa wapi. Mtoto anayeitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" ameshaelezwa kwamba anaingia mahali penye sheria nyingine, na akishaingia anataka kuogopa kwelikweli. Tatizo la ajuza wa rasimu ya kwanza, kwa maoni yangu, ni anwani yake. Anaishi Urambo, anapikia kuni, anaweza kuwa bibi wa mtu yeyote. Hofu yote ihamishiwe ng'ambo ya pili ya mlango, halafu huko isipunguzwe hata kidogo. Huyo adui mpole wa Mwalimu ninampenda, lakini mtoto wa darasa la tano anahitaji pia kitu chenye meno: kitu kinachofuata nyuma ya msafara, ambacho kishindo chake kinasikika kabla ya mwili wake kuonekana.

Jambo jingine ninaloliona muhimu ni kwamba watu wazima wasije wakatatua chochote. Nimesoma hadithi nyingi za watoto za Kiswahili ambamo mtoto anahangaika kurasa themanini, halafu mwenyekiti wa kijiji anafika na kumaliza kila kitu kwa hotuba. Mlembe amwonyeshe Nyamizi njia tu. Bibi ampe chombo, bila kumweleza kinatumikaje. Na siku ya uamuzi mkubwa, Nyamizi awe na rafiki yake tu, na wabishane.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi, Kigoma

Ndugu mwandishi, nitajibu kuhusu ziwa, kwa kuwa ndilo linalonilisha.

Anza na kina chake. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470 mahali palipo na kina zaidi, na duniani ni ziwa la Baikal tu linalolizidi. Uso wa maji uko juu ya usawa wa bahari, lakini sakafu yake iko chini ya usawa huo kwa mamia ya mita. Watu wengi hata hapa Kigoma hudhani samaki wamejaa kuanzia juu hadi chini. Sivyo. Dagaa, migebuka, kuhe na wengine wote wanaishi katika tabaka la juu. Ukishuka kama mita 200 hivi, maji hayana oksijeni, na samaki hawezi kuishi humo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni giza tupu ambalo hakuna samaki anayepita. Kama nchi yako iko chini ya giza hilo, basi mpaka wake unao tayari. Nyamizi hawezi kuuvuka kwa kupiga mbizi tu; lazima abebe pumzi yake, na pumzi hiyo lazima mtu ampe.

Jambo la pili ni anga. Umesema nchi ya chini ina anga lake, lakini hukusema anga hilo lina nini. Nitakueleza tunachokiona sisi. Usiku wa giza wavuvi wanatoka na taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, dagaa wanaifuata nuru, na ziwa lote kuanzia Kibirizi hadi unapoishia uwezo wa macho linawaka utadhani kuna mji juu ya maji. Mwezi ukishakua, wavuvi wanapumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa. Sasa jiweke chini ya ziwa uangalie juu. Taa zetu ndizo nyota zao. Kwa hiyo nchi yako ina nyota usiku wetu wa giza, na mwezi wetu ukiwa mpevu anga lao linakuwa tupu. Mwalimu amesema bibi wa kijijini apewe siku kadhaa. Siku hizo zihesabiwe kwa mwezi. Nyamizi ashuke mwezi unapoandama, aongozwe na taa za wavuvi, na kila usiku unaopita nyota zipungue, kwa sababu mwezi wa juu unakua. Zikizimika zote kabla hajapata njia ya kurudi, atabaki huko. Mtoto wa Kigoma atalielewa hilo mara moja, na mtoto wa Tabora atajifunza bila kuelezwa.

Njia ya kuingilia ninapendekeza iwe Mto Malagarasi, si bandarini. Treni yako inaufikia mto huo kabla ya Kigoma, na pale Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakichemshia chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi hiyo inaweza kuwa sehemu ya fungu ambalo mtoto analipa. Lakini ajabu ya Malagarasi ni umri wake. Wataalamu wa samaki wamekuta humo aina ambazo ndugu zao wako Mto Kongo, na ziwani hazipo, na maelezo yao ni kwamba mto huu ulikuwa ukienda zake magharibi kabla bonde la ziwa halijafunguka na kuukata. Mto uliokuwapo kabla ya ziwa unajua njia ya chini ya ziwa. Usingoje mtu mwingine aliandike hilo.

Meli ya Liemba nayo usiisahau. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kufanya kazi. Ilikaa miaka kadhaa chini ya maji. Chombo kilicholala huko muda wote huo hakiwezi kukosa la kumwambia mtoto anayekwenda kulekule.

Akifika ufukweni afike alfajiri, wakati wanawake wanapoanika dagaa kwenye vichanja. Asipite bila kusalimia. Kuna mambo ya ziwani ambayo hakuna atakayemweleza ila wao.

Mwandishi, Tabora Mjini

Ninawashukuru sana, na ninapenda niwaeleze nilipofikia baada ya kuwasoma.

Bibi wa mwisho wa kijiji anabaki, na sura ya moshi imeshaandikwa. Chombo anachompa Nyamizi ni kibuyu kidogo kilichofungwa kwa nta. Bibi hasemi kina nini, na ndani yake mna pumzi. Rafiki wa safari ni mvulana mwenye ualbino anayesoma naye darasa moja, ambaye amebeba ramani ya reli iliyochanwa kwenye kitabu cha jiografia, na ambaye tayari amekuwa na maneno mengi kuliko nilivyopanga. Kitu chenye meno kipo, na sitakielezea hapa. Nyota ni taa za wavuvi. Kwa hilo, Dada wa Kibirizi, sina namna ya kukushukuru ipasavyo.

Lakini sheria ya mlembe imenifikisha mahali pagumu. Nilipojiuliza kwa nini nyuki walihama, jibu lililo kweli msituni halina mchawi ndani yake. Nyuki wetu huhama wakikosa maua au wakisumbuliwa, na maua yanakosekana kwa kuwa miti imekwisha. Sehemu imekwenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na kila mtu kijijini analijua hilo hata kama halisemwi. Sehemu nyingine ni mizinga yenyewe. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kulivua gome la mti mzima kuzunguka shina, na mti uliovuliwa hivyo hukauka. Babu yake Nyamizi, mrina asali ambaye mtoto huyu anamheshimu kuliko mtu yeyote, aliua mti mmoja kwa kila mzinga aliotundika, na msitu hakuulipa fungu lake. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kama baba yake alivyofanya, wakati miti ilikuwa mingi na watu wachache.

Sasa adui mpole anamwomba mtoto jina moja. Nilidhani jaribu litakuwa la kumtaja yule bibi, na Nyamizi angekataa kwa urahisi, kwa kuwa ameshakaa jikoni kwake. Lakini kuna jina ambalo, kwa kiasi fulani, ni la kweli, nalo ni la babu yake marehemu. Akilitaja, bibi ataokoka, nyuki watarudi, na hakuna mtu aliye hai atakayedhurika. Hapo ndipo nimekwama. Je, alitaje?

Mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Kasulu

Hapo ndipo pa kubishana na rafiki yake. Mvulana amwambie alitaje upesi, kwa sababu marehemu hadhuriki, na nyota zimebaki tatu. Hoja yake iwe nzuri kiasi kwamba nusu ya wasomaji wawe upande wake.

Mwalimu mstaafu wa fasihi, Tabora

Ninaafiki hoja ya mvulana iwe na nguvu. Hata hivyo, kwa maoni yangu Nyamizi asilitaje jina hilo kule chini, na sababu si kumlinda babu. Yule mpole hatafuti ukweli. Anataka jina, na akishalipata atawarudisha nyuki kwenye miti ileile inayokauka, na msimu utakaofuata kijiji kitamwita tena ili ataje mwingine. Mtoto anaweza kuliona hilo bila kufundishwa iwapo utakuwa umemwonyesha, mapema katika safari, vijiji vya nchi ya chini ambavyo vilikubali masharti hayo: vina asali tele, na vina nyumba nyingi zisizo na watu, na hakuna anayeeleza wenyewe wamekwenda wapi. Sura hiyo iandike kwa utulivu, bila damu, na itatisha kuliko yale meno.

Jina la babu alitaje akisharudi, mbele ya mkutano wa kijiji, mkononi ameshika mzinga wa babu yake, na aliseme kwa mapenzi, pamoja na namna mzinga ule ulivyotengenezwa. Hiyo si ramli. Ni mtoto anayeeleza alichojifunza kuhusu miti. Watakaomsikiliza ni wale ambao nao wana mizinga ya magome mitini na mabani nyuma ya nyumba, kwa hiyo usitegemee wamshangilie.

Nyuki wangapi warudi, hilo ni lako kuamua, ila nisingewarudisha wote. Kundi moja linatosha, liingie kwenye mzinga wa mbao alioupigilia misumari yeye na rafiki yake, nyuma ya nyumba ya bibi wa mwisho wa kijiji. Na kabla hujaiandika sura hiyo ya mwisho, rudi kwenye sura ya kwanza uhakikishe kwamba mlembe ameonekana humo akilia juu ya mti, na kwamba kuna mtu aliyempita bila kumwachia kitu.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi, Kigoma

Ongezo moja, ndugu mwandishi, kuhusu kurudi kwao. Mwanafunzi amesema nyota zitakuwa zimebaki tatu. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mitumbwi michache bado hutoka, ya wale ambao nyumbani hakuna akiba na hawawezi kupumzika kama wenzao. Watakaomwibua Nyamizi na rafiki yake majini wawe watu wa mtumbwi wa namna hiyo, na fungu analowalipa liwe kubwa kuliko yote aliyolipa njiani.